Dagaa wa Kibirizi, mteja wa Dodoma: upige simu, utume WhatsApp au upande basi?

Mfanyabiashara wa Kigoma anayeuza dagaa, migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) au mawese ana shida ambayo mwenzake wa Kariakoo haijui. Mzigo uko Kibirizi au Katonga, mialo ya Kigoma inakoshushwa samaki, na mnunuzi wa jumla yuko Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza. Reli peke yake kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilometa 1,200. Kwa hiyo kila mtu hapa anauza kwa simu, kwa namna moja au nyingine. Lililo gumu ni kujua umpigie nani, lini uache kupiga uandike ujumbe, na lini ufunge safari.

Nalinganisha njia tatu: kupiga simu, kutuma ujumbe (SMS na WhatsApp), na kuonana na mteja uso kwa uso, iwe kwenye gulio, dukani au kwa kumfuata aliko. Sitazipa nafasi sawa. Kupiga simu ndiko kunakosifiwa sana na wauzaji na ndiko kunakolalamikiwa sana na wanaopigiwa, kwa hiyo huko nitakaa zaidi.

Simu ya anayekujua na simu ya kushtukiza

Kuna simu ya kumpigia mtu aliyewahi kununua kwako, au aliyekupa namba yake kwa mkono wake akasema, "Ukipata mzigo mzuri nistue." Halafu kuna simu ya kushtukiza: unampigia mtu asiyekujua kwa sababu tu namba yake imeangukia mikononi mwako. Wanaofundisha biashara huzichanganya zote na kuziita mauzo kwa simu, kisha wakaorodhesha faida na hasara zake kana kwamba ni kitu kimoja. Ushauri wangu wote umesimama juu ya tofauti hiyo. Ile ya kwanza, kwa bidhaa za ziwani, sijaona njia inayoishinda. Ya pili nakushauri uiache, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na ile nzuri. Ubora wake unatokana na mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanasogea kwenye mwanga, nyavu zinainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa inakosa nguvu, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Giza likirudi, mzigo unarudi. Bei basi hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na siku nyingine hata kati ya asubuhi na jioni. Tangazo la redio haliwezi kukimbizana na bei ya namna hiyo, wala bango. Simu inaweza. Saa mbili asubuhi umeshajua kilichotua mwaloni, saa tatu mteja wako wa Dodoma naye anajua, na kabla ya adhuhuri ameamua umkaushie magunia mangapi.

Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulipositishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi. Muuzaji mwenye daftari la wateja alikuwa na nafasi ya kuwapigia mapema waweke akiba, kisha kuwapigia tena ziwa lilipofunguliwa. Asiye na daftari alibaki kusubiri nani atapita. Kusitishwa kwa uvuvi hakuwezi kuwa kwa mara moja tu katika maisha ya biashara hii, kwa hiyo daftari hilo ni mali, litunze kama unavyotunza mtaji.

Faida nyingine ni sauti. Mteja akisema "sawa, nitaona," ukimsikia unajua kama anaona kweli au anakuaga. Akinyamaza baada ya kutajiwa bei, kimya hicho kina maana, na unaweza kumuuliza palepale kinachomsumbua. Mara nyingi kinachosumbua si bei. Atakwambia mzigo uliopita ulikuwa na mchanga. Hapo una sekunde chache za kumweleza kwamba hawa wamekaushwa juu ya vichanja, hawakuanikwa chini, na kwamba utampigia picha za video aone. Pingamizi lililosikika na kujibiwa palepale ni nusu ya mauzo. Kwenye ujumbe wa maandishi mteja huyo angenyamaza tu, nawe usingejua kamwe ni mchanga ndio uliokupotezea gunia.

Kisha kuna malipo. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, kifaa kilekile kinachotumika kukubaliana bei ndicho kinachopokea hela. Mteja anakubali, anatuma nusu kwenye lipa namba yako, unapakia mzigo kwenye basi, unampigia picha risiti ya basi, anamalizia. Hili limebadilisha biashara ya Kigoma kuliko semina zote za ujasiriamali.

Gharama nayo ni ndogo. Chukua mfano wa wateja 40 wa kudumu, kila mmoja dakika 3. Hizo ni dakika 120, saa mbili za asubuhi moja na kifurushi kimoja cha maongezi. Kuwafikia hao hao kwa basi ni nauli, malazi na siku kadhaa za duka kufungwa.

Hasara zipo, na ni za kweli. Simu haionyeshi kitu. Haiachi ushahidi: umesema bei hii, mteja amesikia nyingine, na mzigo ukifika mnagombana bila karatasi. Inamkuta mtu akiwa kwenye kikao, msikitini, kanisani, au anahudumia mteja wake mwenyewe, na hata akikupenda atakujibu kwa mkato. Pia inachosha. Mtu anayepiga simu za mauzo siku nzima sauti yake hufifia mchana, na mteja wa saa tisa alasiri anapata muuzaji aliyechoka wakati wa asubuhi alipata muuzaji mchangamfu. Ndiyo maana napendekeza simu za mauzo ziwe za asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, na zisizidi zile unazoweza kuzipiga ukiwa bado na uchangamfu.

Namna ya kuanza inabeba mengi. Mteja wetu ni mtu wa adabu, na ukimrukia na bei kabla ya salamu umemvunjia heshima. "Shikamoo mama. Ni mimi wa dagaa wa Kigoma, ulichukua kwangu magunia mawili kabla ya Ramadhani. Una nafasi ya dakika mbili, au nikupigie jioni?" Salamu, jina la biashara, kumbukumbu ya mliyouziana, na ruhusa. Ukimaliza kuongea, andika ujumbe mfupi wenye bei, uzito na siku ya kusafirisha. Huo ujumbe ndio karatasi yako.

Kwa nini simu ya kushtukiza inakufa

Sasa ile nyingine. Fikiria anachopitia Mtanzania wa kawaida kwenye simu yake. Anapata "ile hela tuma kwenye namba hii." Anapata mtu anayejifanya mwenye nyumba wake akidai kodi. Anapata mganga asiyemjua aliyeota nyota yake, na anayempongeza kwa kushinda bahati nasibu ambayo hakucheza. Juu ya hayo kukaja programu za mikopo ya haraka ambazo humpigia mkopaji, na ndugu zake, na bosi wake, kwa lugha ya kudhalilisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mtu aliyepitia hayo, ikija namba asiyoijua, ama hapokei au anapokea akiwa tayari ameudhika. Wewe mwenye dagaa halali unalipia makosa ya matapeli.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020, ulisaidia kujua mwenye laini ni nani. Haukurudisha imani ya kupokea namba ngeni. Na mteja akikushuku, anaweza kuituma namba yako kwenda 15040 kama namba ya tapeli. Fikiria namba uliyoijenga kwa miaka, iliyochorwa hadi kwenye ndoo zako za mawese, inaingia kwenye uchunguzi kwa sababu uliwapigia watu ambao hawakukuomba.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayetuma tangazo la biashara kwa mtu asiyeliomba awe na ridhaa yake, ajitambulishe mwanzoni na kusema lengo lake, na ampe nafasi ya kukataa yasiendelee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Hiyo inampa mtu haki ya kukutaka uache kutumia taarifa zake kumtangazia biashara. Namba ya simu iliyo na jina pembeni ni taarifa binafsi. Kwa hiyo yule anayekuuzia orodha ya namba za watu, akikwambia amezipata kwenye daftari la wageni wa hoteli au kwa rafiki yake wa kwenye kibanda cha miamala, anakuuzia matatizo. Usinunue, hata kama ni bei ya soda.

Wenzetu walioanza zamani walipita njia hiyohiyo. Marekani ndiko simu za mauzo zilikokua hadi zikawa kero ya taifa. Mwaka 1991 wakatunga sheria ya kuwalinda wapokeaji, na mwaka 2003 wakaanzisha orodha ya taifa ambayo mtu anaandikisha namba yake ili asipigiwe na wauzaji. Uingereza ina utaratibu wa kufanana na huo. Simu ya kushtukiza ikizidi, watu hujenga ukuta, na ukuta huo huwazuia waungwana kabla ya kuwazuia matapeli, kwa sababu tapeli hasomi orodha.

Je, hakuna hata mahali pamoja inapofaa? Papo, ila ni padogo: kumpigia mfanyabiashara mwenzako, kwa namba aliyoiandika mwenyewe mlangoni au kwenye ukurasa wake wa biashara. Mwenye hoteli Dodoma aliyebandika namba yake ili apigiwe hatashangaa ukimuuliza kama ananunua migebuka. Hapo unampigia mtu aliyejiweka sokoni. Nje ya hapo, mtafute anayekujua akutambulishe kwanza. "Nimepewa namba yako na shemeji yako wa pale Mwanga" hufungua mlango ambao hotuba nzuri haiufungui.

Ujumbe

WhatsApp ina kitu ambacho simu haina kabisa, macho. Rangi ya mawese, ukubwa wa dagaa, kama ni dagaa safi au wamechanganyika na lumbu (samaki wadogo wa aina nyingine), vyote vinaonekana kwa sekunde kumi za video iliyopigwa mwaloni. Picha yenye ziwa nyuma yake inamwambia mteja wa Dar kwamba wewe uko Kigoma kweli, hukukaa Manzese ukajiita wa Kigoma. Mteja anaangalia akipata nafasi, usiku akiwa kitandani, na bei imeandikwa.

Ila watu wanaikadiria vibaya. Orodha ya kutangazia kwenye WhatsApp inafikia watu 256 kwa mara moja, na ujumbe huo humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwomba mteja ahifadhi namba, na hilo huombwa kwa mdomo, kwa simu au mkiwa pamoja. Stetasi nayo ni hivyohivyo. Halafu mama lishe mwenye kitochi hayumo kabisa, naye ndiye anayenunua dagaa kila juma. Huyo ni wa SMS, herufi 160, bei na neno "nijibu," basi.

Udhaifu mkubwa wa ujumbe ni kwamba ni rahisi kuunyamazia. Mteja anaona, alama zinageuka bluu, kimya. Muuzaji anadhani amekataliwa, kumbe mteja alikuwa na swali moja asilotaka kuliandika. Kwa mzigo mkubwa nimeona mpangilio unaokubali ni video kwanza, kisha simu baada ya saa moja au mbili. Mteja anapopokea tayari ameona, na mazungumzo yanaanzia kwenye bei badala ya kuanzia kwenye shaka.

Uso kwa uso

Kwa mteja mpya mwenye hela nyingi hakuna kinachochukua nafasi ya kuonana. Mnunuzi anayetaka kuagiza tani anataka kushika dagaa, kuwavunja, kuwanusa, na kukutazama usoni. Safari moja kwenda kuwaona wanunuzi wanne wakubwa inaweza kuzaa simu za mwaka mzima. Ghali, ndiyo, lakini safari hiyo ndiyo inayoigeuza namba yako kutoka ngeni kuwa ya mtu anayejulikana.

Ndani ya mkoa wenyewe hoja ni nzito zaidi. Ukienda kwenye masoko ya ujirani mwema ya mpakani na Burundi, au magulio ya Kasulu na Kibondo, watu wananunua kwa macho na kwa maneno ya papo hapo. Chukua miche ya michikichi. Tangu mwaka 2018 Serikali ilipoanza kusukuma zao hili Kigoma, mbegu aina ya Tenera, inayotokana na kuunganisha aina mbili za michikichi, Dura na Pisifera, imekuwa ikitafutwa, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kipo hapahapa mkoani. Mkulima wa Buhigwe hatanunua miche kwa simu ya mtu asiyemjua, na yuko sahihi: mche usio Tenera halisi anaugundua baada ya miaka, shamba limeshakua. Anataka kuona kitalu na kuuliza jirani aliyepanda. Nenda, onyesha, acha namba, kisha simu itumike kumkumbusha msimu wa mvua unapokaribia.

Bidhaa ipi, njia ipi

Dagaa na migebuka kwa wateja wa zamani: simu, ikitanguliwa na video. Mawese ya dumu la lita 20 bei yake haichezi kwa kasi hiyo, kwa hiyo ujumbe mmoja kwa wiki unatosha, na simu ya mara chache kwa wanaochukua madumu mengi. Chumvi ya Uvinza ni hivyohivyo. Vitu ambavyo mnunuzi hawezi kuvirudisha wala kuvihakiki mapema, kama miche, viwanja, mashine za kukamulia, visianze kwa simu hata siku moja. Na wateja wa ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira huko Kongo, ambako dakika za simu ni ghali kwa pande zote, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafaa kuliko vyote: Kiswahili kinaelewana, mtandao ukikatika ujumbe unasubiri, na nahodha wa boti akibishana kuhusu idadi ya mizigo mna la kusikiliza.

Huko mbele

Sauti za mashine zinakuja. Tayari zipo programu zinazoweza kuongea Kiswahili, kujibu maswali na kupiga simu mia kwa wakati mmoja. Marekani, mwezi Februari 2024, mamlaka yao ya mawasiliano iliamua kwamba sauti iliyotengenezwa na akili bandia inahesabiwa kama sauti bandia chini ya sheria yao ya 1991, kwa hiyo kumpigia mtu kwa sauti hiyo bila ridhaa yake ni kosa. Hapa kwetu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa nayo. Natarajia simu za mashine zitajaa kwanza kwa makampuni makubwa, watu watazichukia haraka, na kupokea namba ngeni kutapungua zaidi ya sasa.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kigoma hiyo ni nafasi. Kadiri simu ngeni zinavyozidi kuwa za mashine na matapeli, ndivyo sauti ya mtu anayejulikana inavyopanda thamani. Mashine itumie kwa mambo yasiyohitaji moyo, kama kujibu usiku kwamba duka limefungwa na bei ya leo ni hii. Kumpigia mteja wa miaka mitano piga mwenyewe.

Na kama biashara imekua hadi unaajiri kijana wa kukupigia simu, angalia sana namna utakavyomlipa. Ukimlipa kwa idadi ya simu, atapiga ovyo na kuwachosha watu wako. Ukimlipa kwa kila mteja aliyesema ndiyo, ataahidi uzito na siku ambazo huwezi kuzitimiza. Mpe mshahara wa msingi, kisha nyongeza kwa mteja aliyelipa, akapokea mzigo, akaagiza tena mara ya pili. Mpe laini ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la biashara, isiwe laini yake, ili siku akiondoka wateja wabaki na namba ileile. Na daftari la nani amesema asipigiwe tena liwe mezani pake kila asubuhi, kabla hajapiga simu ya kwanza.